Mchoro wa Mama Geti

Siku ya kwanza Mama Geti alipoingia darasani, wanafunzi wote walinyamaza wakafungua madaftari. Walidhani mwalimu kaja. Akawapita, mkoba begani, akaketi mstari wa tatu na kufungua daftari lake mwenyewe. Darasa likacheka, naye akacheka nalo. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na karibu nusu ya hiyo aliimaliza akichomelea mageti na madirisha. Leo ni mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa kwanza, tena ugenini. Elimu haina mwisho, ndivyo wanavyosema. Ila hawakusema kwamba vile viti vya kusomea vinavunja mgongo.

Kusema kweli, alikuwa na furaha yake. Chumba cha bweni kilikuwa na dirisha ambalo hakulitengeneza yeye, na kila asubuhi alilikagua akaligundulia kosa jipya. Isitoshe, kifungua mimba wake alikuwa chuo hichohicho, mwaka wa nne, akimsaidia mhadhiri wa michoro kusahihisha kazi. Damu nzito kuliko maji, Mama Geti aliwaza, ingawa hakulisema kwa sauti.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchora kishikio cha bomba: kipande cha chuma chenye tundu moja kubwa na mengine mawili madogo ya bolti. Mchezo wa watoto huo. Akakichora, mistari imenyooka kama uzi, akakabidhi kabla ya wote. Karatasi ikarudi na nne juu ya kumi.

Waliopata chini ya tano walipewa nafasi moja tu, Ijumaa. Mchoro wao mpya ungepelekwa kwa fundi wa karakana, atengeneze kipande kwa kuufuata, bila kuelezwa neno. Kipande kikikubali kuingia kwenye bomba, Jumatatu unaingia karakana na wenzako. Kikikataa, unasubiri mwaka mzima. Na mwaka, kwa mtu wa umri wake, si wa kuchezea.

Akamfuata mwanawe kantini.

"Hii nne umenipa wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Ulijua ni yangu?"

"Nilijua."

Mama Geti akavuta kiti. "Nimekubeba miezi tisa, nawe unanibebesha nne. Kweli fadhila za punda ni mateke."

Mwanawe alitabasamu kidogo, lakini hakulegea. "Vipimo viko wapi, Mama? Hili tundu liko umbali gani kutoka ukingoni?"

"Si liko katikati? Fundi yeyote anaona."

"Fundi wako ndiye anaona, maana akikwama anakuita. Huyu hakujui. Hatakuita."

Neno hilo lilimchoma. Akaiona karakana yake kule nyumbani: michoro ya chaki sakafuni, vijana wameinama, na yeye akipita kati yao akielekeza, hapo ongeza kidole kimoja, hapo punguza. Kumbe miaka yote ile hakuwa akichora. Alikuwa akiongea tu. Aliona aibu, kisha, kwa ukaidi, fahari ikaipiku aibu: huyu mtoto kalelewa, hapendelei hata aliyemzaa.

"Haya, nipe rula," akasema.

Siku tatu alichora na kufuta. Kila kipimo alikiuliza swali lilelile: mtu asiyenijua, nami sipo, atakuelewa?

Ijumaa wote waliorudia mchoro wakasimamishwa nyuma ya kioo cha karakana, marufuku kusema wala kuashiria. Fundi, mzee mwembamba wa miwani, aliubandika mchoro wa Mama Geti ukutani, akakata chuma, akatoboa tundu kubwa, kisha moja la bolti. Halafu akasimama. Akaurudia mchoro akitafuta pa kutoboa tundu la mwisho, akainamisha kichwa, akakuna sikio.

Mkono wa Mama Geti ulishainuka kugonga kioo. Neno moja tu lingetosha. Mwanawe alikuwa ubavuni pake, hakumgusa wala hakumtazama. Akaushusha mkono mwenyewe, ulimi ukimwasha kama uliopakwa upupu.

Kidole cha yule mzee kilishuka taratibu mpaka kwenye kile kimchoro cha pembeni kinachoonyesha chuma kwa ubavu. Akakisoma kipimo cha tundu hilo, akaafiki kwa kichwa, akarudi mashineni. Alipomaliza, alikivisha kile kipande kwenye bomba. Kikaingia polepole, bila nyundo. Akakaza bolti zote mbili, akaiweka karatasi upande wa waliofaulu, akachukua ya mwingine. Hata hakugeuka kutazama nani kaichora.

Machozi yakamtoka Mama Geti, wala hakuyaficha. Maisha yake yote ya ufundi, hakuna geti lililosimama bila yeye kuitwa aje aelekeze. Leo hakuna aliyemwita.