Nyumba Inayofuata Ni Ngome

Usiku wa kuamkia leo usingizi ulinipeleka moja kwa moja hadi mpaka wa dola ya Warumi, ukanivika kofia ya chuma, ukaniacha hapo. Sikuulizwa kama nataka. Nilikuwa mimi yuleyule, Skolastika Kihwele wa Iringa, mwanamke wa makamo mwenye magoti mabovu, ila sasa nilikuwa na mkuki na zamu ya kulinda lango la ngome.

Mbele yangu ulipita Mto Rhine. Ng'ambo kulikuwa na msitu, na ndani ya msitu walikaa Wajerumani. Si wale waliokuja kwetu na bunduki. Hawa walikuwa mababu wa mababu zao, watu wa kuvaa ngozi, ambao nyumba ya mawe hawajaiona hata kwenye ndoto. Ndotoni walikuwa wanaiona usiku huo tu, kwenye ndoto yangu.

Sikuweza kutulia. Kila nilipotaka kuketi, benchi lilisogea.

"Mimi ni benchi la mpakani," likasema. "Mpaka ukienda mbele naenda nao. Juzi nilikuwa kule nyuma, karibu na choo."

"Magoti yananiuma," nikaliambia.

"Mwambie mfalme," likasema, likasogea tena.

Akida wetu aliitwa Vitalis, mtu mfupi mwenye sauti iliyomzidi kimo. Alinieleza kazi. Mtu wa ng'ambo anaruhusiwa kuja sokoni kwetu mchana tu, mikono mitupu, na lazima aache mezani kila kitu kinachoumiza. Jua likizama, lango linafungwa, na aliye nje anabaki nje.

"Kila kitu, afande?"

"Kila kinachoumiza. Sheria ni msumeno."

Wanaanza kupita. Wa kwanza anaweka shoka. Wa pili anaweka kisu, kisha anang'oa jino linalomsumbua tangu mavuno, analiweka pembeni ya kisu. Wa tatu ni mwanamke. Anaacha maneno ya mawifi zake, na meza inainama upande mmoja. Nasema asante, apite mwingine. Nakuna kichwa juu ya kofia. Natembea huku na huku, na lango linaniuliza kama nina chawa.

Ghafla msitu mzima ukaanza kuja. Wanaume, wanawake, ng'ombe, mikokoteni, wote kwa pamoja, wakielekea mtoni wakiwa wanaimba. Vitalis akapuliza baragumu.

"Uvamizi," akasema.

Magogo ya uzio wetu yakanong'onezana. "Msitutegemee sana," gogo moja likaniambia. "Sisi tulikatwa kwenye msitu uleule. Wale ni majirani zetu."

Mto ulikuwepo, halafu ukawa nyuma yao, na hakuna aliyelowa. Mbele ya umati lilisimama jitu moja la ndevu nyekundu, nywele zimefungwa fundo kando ya kichwa. Lilikuwa limemshika mkono mzee mmoja mwembamba mwenye koti la kaki. Yule mzee alikuwa babu yangu, Mzee Kihwele, tuliyemzika masika moja nikiwa bado shule.

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nilitaka kumkumbatia, lakini mkuki ulikataa kuachia mkono wangu.

"Kamwene, mke wangu," Babu akanisalimu kwa Kihehe. "Naona umevaa sufuria kichwani. Ndani kuna nini?"

"Kamwene, Babu. Ni kofia ya kazi."

"Basi ni kazi isiyo na chakula. Nina njaa."

Lile jitu likajitambulisha kwa adabu kwamba linaitwa Hariulf. "Kwetu mgeni hafukuzwi," akasema. "Chakula cha mwenyeji kikiisha, mwenyeji humshika mgeni mkono, wakaenda wote nyumba inayofuata, waalikwe wasialikwe. Huyu mzee alifikia kwangu. Tulikula tukamaliza. Tukaenda kwa jirani, naye akaishiwa, akatufuata. Sasa msitu mzima umeishiwa, na nyumba inayofuata ni hii."

"Hii si nyumba," Vitalis akasema. "Ni ngome."

"Ina mlango. Ina moshi wa jikoni," Hariulf akajibu. "Kwetu hiyo ni nyumba."

Nikamuuliza Babu amefikaje kwa watu hawa.

"Nimerudisha ziara," akasema. "Nilipokuwa kijana walikuja kwangu bila hodi, wakala mtama wangu, wakanibebesha mawe ya boma lao. Nikasema, ngoja na mimi niende kwao, nile. Lakini hawa wa zamani bado hawajaharibika. Hawajaninyima kitu. Nimeona hata aibu."

Vitalis alikuwa anatazama jua. Lilikuwa limekaa juu ya msitu, limeshakunja mkeka wake. "Mmoja mmoja," akasema. "Vinavyoumiza, mezani."

Hariulf akaweka mkuki na ngao. Babu akaweka fimbo. Vitalis akatikisa kichwa, akamzungusha Babu, akainua koti. Mgongoni kulikuwa na alama za viboko, zile ambazo utotoni nilikuwa nazipaka mafuta.

"Na hizo," akasema. "Zinaumiza."

"Zinaniumiza mimi tu."

"Sheria haisemi zinamuumiza nani. Ziache."

Babu akajaribu. Akajipapasa mgongo, akavuta, zikagoma. Benchi likamshauri azilegeze kwa maji ya moto. Hariulf akainama akazitazama kwa karibu.

"Nani alikufanyia hivi?"

"Wajukuu zako," Babu akasema. "Hawajazaliwa bado."

Hariulf akainuka. "Nitasema nao."

"Hawatakusikia."

"Najua. Hata nilionao sasa hawasikii."

Lango linaanza kufunga. Linafunga polepole, huku likiomba radhi. Nahesabu mapigo ya moyo wangu na hayahesabiki. Babu anashusha koti lake, anafunga vifungo, anageuka kutazama msitu ambao hauna tena hata punje. Naogopa. Naogopa kwamba ataondoka na njaa mbele ya macho yangu, na mimi ndiye mlinda mlango.

"Babu," nasema, "piga hodi."

"Hodi hapa? Kwa watu wa sufuria?"

"Piga tu, Babu."

"Hodi," akasema Babu.

"Karibu," nikasema.

Lango likasimama katikati. Likaniangalia, likamwangalia Babu, kisha likafunguka lote mpaka likagonga ukuta. "Tangu nichongwe," likasema, "nimesikia amri na matusi. Neno hili sijawahi kuambiwa."

"Umevunja sheria," Vitalis akaniambia.

"Sheria ni ya wanaokuja sokoni, afande. Huyu hajaja sokoni. Amekuja kula."

Vitalis akafikiri. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria ilikuwa imemwacha peke yake. Akavua kofia yake, akaenda kuleta maji ya kunawa.

Wanakula. Wanakula mikate yote ya jeshi, dengu zote, nguruwe wa chumvi na siki ya askari. Ng'ombe wao wanakula paa la zizi. Babu bado ananawa, maana hana tabia ya kukimbilia chakula, na anaponyanyua mikono kutoka kwenye beseni, sinia liko tupu.

"Tumeishiwa," Vitalis akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Akamshika Babu mkono mmoja. Hariulf akamshika mwingine. "Nyumba inayofuata ni ya nani?"

Wote wakanigeukia. Nyuma ya ngome kulikuwa na uchochoro wetu wa Iringa, na mwisho wa uchochoro mlango wangu wa bluu. Nikaanza kukimbia ili nitangulie kuwasha moto. Miguu inazama kwenye tope la Mto Rhine, ambao umeamua kurudi. Nyuma yangu nasikia Warumi na Wajerumani wakifutana miguu kwenye kizingiti changu, na sauti ya Babu ikisema hodi.

"Karibu," nikasema, nikaamka na neno hilo mdomoni.

Kulikuwa kumekucha. Komeo la mlango lilikuwa mahali pake. Nikaenda jikoni kutazama kiporo changu cha ugali, kwa sababu mtu mzima hapuuzi ndoto kabla ya kukagua sufuria. Sufuria lilikuwa limekombwa, hadi ukoko.

Pembeni ya sufuria lilibaki tonge moja, limefinyangwa vizuri na kubonyezwa katikati kwa kidole gumba. Babu hakuwahi kumaliza chakula chake. Tonge la mwisho lilikuwa la mjukuu, na mjukuu nilikuwa mimi. Nikalila nikiwa nimesimama. Lilikuwa bado la moto.