Kuhamisha Wimbo

Fundi wa makochi alikuwa mwanamke wa vidole vigumu kama koleo, wala hakuona haya navyo. Kutwa nzima kazi yake ilikuwa kuvuta kitambaa juu ya sponji, kukikunja kwenye kona ya mbao na kukipiga pini kabla hakijalegea. Jioni vidole hivyo hivyo vilishika gitaa. Lilikuwa gitaa la marehemu baba yake, na baba ndiye aliyemfundisha, ila hakumfundisha kwa majina wanayoyajua watu. Alimwonyesha maumbo matatu ya mkono, akayabatiza mwenyewe: Kiti, Bata na Pembetatu. "Tia Kiti," angesema. "Sasa Bata. Rudi Kiti. Haya, Pembetatu." Kwa maumbo hayo matatu Fundi alikuwa amepiga kwenye harusi za ukoo mzima, na hakuna bibi harusi aliyewahi kudai umbo la nne.

Mwimbaji alikuwa dada yake. Tangu utotoni watu walimwita Chiriku, kwa ile sauti yake nyembamba iliyopaa bila kutoka jasho. Mdogo akipiga, mkubwa aliimba, na mambo yalikuwa hivyo hadi mwaka ule Chiriku alipotolewa uvimbe kwenye tezi ya shingo. Upasuaji ulikwenda salama, kidonda kikapona, kovu likabaki jembamba kama uzi wa cherehani. Lakini sauti iliyorudi haikuwa ile iliyokwenda. Ilikuwa nzito, ya kifuani, na kule juu ilikokuwa ikipaa zamani haikufika tena.

Hapo ndipo shangazi yao alipotangaza kwamba anaolewa. Alikuwa mjane wa siku nyingi, ameshalea watoto na wajukuu, na sasa alikuwa amempata mzee mmoja mpole aliyekuwa fundi saa. Hakuomba ruhusa ya mtu. Aliwaita tu wana wa kaka yake akawapangia kazi.

"Mtaniimbia wimbo wa mama yenu," alisema. "Ule wifi yangu aliotunga mwenyewe akiwabembeleza mlale. Sitaki bendi, sitaki spika za kunipasua masikio. Nawataka nyinyi."

Walijaribu sebuleni kwa Fundi. Chiriku alianza vizuri, lakini walipofika pale wimbo unapopanda, sauti ilikatika katikati ya neno. Akameza mate, akajaribu tena, ukatoka mkwaruzo. Alikaa kitako, akajishika shingo pale penye kovu.

"Basi," alisema. "Mwambie Shangazi atafute mtu mwingine."

"Simwambii."

"Sasa utamwambia nini?"

"Kwamba tunakuja."

Chiriku alimwangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyeota pembe, akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Fundi hakuwa mtu wa kukata tamaa kwa jambo lenye skrubu za kukazwa na kulegezwa. Aliona dawa ni rahisi: kama wimbo uko juu mno, alegeze nyuzi, gitaa lishuke. Akalegeza kidogo, likashuka kidogo. Akalegeza zaidi, nyuzi zikaanza kugongagonga vyuma vya shingoni mwa gitaa na kulia kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo. Mumewe alitoka nje, na alitoka haraka.

"Mkwe," ikaita sauti kutoka barazani. "Hilo gitaa limekukosea nini?"

Huyo alikuwa baba mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao tangu alipostaafu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amepuliza tromboni kwenye bendi ya matarumbeta. Meno ya mbele yalikuwa yameshamtoka na kupuliza hawezi tena, ila masikio bado yalikuwa kazini.

"Nashusha wimbo, Baba. Dada haufikii."

"Wimbo haushushwi kwa kulegeza nyuzi. Unashushwa kwa kujua ulipo na unakotaka kwenda. Wewe sasa hivi uko wapi?"

"Niko kwenye Kiti."

Mzee alingoja maelezo, na yalipokawia akaingia ndani kujionea. Fundi alikaza nyuzi zikarudi mahali pake, akatia Kiti, akapiga. Mzee aliinamisha kichwa.

"Hiyo ni sol," alisema. "Umeikalia sol miaka yote hii bila kumjua mwenye nyumba." Akavuta kigoda. "Sikiliza, mwanangu. Mimi gitaa silijui, sijawahi hata kulipakata. Lakini noti nazijua kama ninavyowajua wajukuu wangu. Wewe gitaa unalijua, noti huzijui. Tukikaa pamoja tunatosha mtu mmoja."

Wakaanza siku hiyo hiyo. Fundi alileta chaki yake ya kuchorea vitambaa. Kila uzi ukipigwa wazi, mzee aliutaja kwa sikio: mi, la, re, sol, si, na mi ndogo kule chini. Kisha Fundi akaanza kupanda, akibonyeza chumba kimoja baada ya kingine, maana ndivyo alivyoziita zile nafasi zilizo kati ya chuma na chuma. Mzee akataja, Fundi akatia alama ya chaki. Baada ya muda Fundi aliweka chaki chini.

"Nimeona," alisema. "Chumba kimoja ni nusu hatua. Noti na mwenzake wanaachiana chumba katikati. Isipokuwa mi na fa, na si na do. Hawa wamebanana bega kwa bega."

"Umeona vizuri."

"Kwa nini wao tu?"

"Mimi niliwakuta hivyo hivyo," alisema mzee.

Siku zilizofuata chaki ilimjaa Fundi vidoleni, ikafutika shingoni mwa gitaa, akaichora upya, mpaka ikafika mahali hakuwa na haja nayo. Mzee alikuwa na mchezo wake. Fundi akipita na sinia, au akiwa amejitwisha sponji mabegani, angemrushia jina: "Fa." Naye angejibu palepale, bila kusimama: "Uzi mnene, chumba cha kwanza. Uzi wa la, cha nane. Wa re, cha tatu." Karakanani alivuta kitambaa huku akipanda ngazi ya sauti kimoyomoyo, hatua nzima, nzima, nusu, na kila pini aliipiga juu ya noti yake. Wateja walimwona akitikisa midomo wakadhani anasali.

Kodi za gitaa ndizo zilizomfurahisha kuliko vyote. Mwanzoni neno lenyewe lilimtisha.

"Kodi ninayoijua mimi ni ya karakana," alisema.

"Hii haidaiwi na mtu," mzee alimwambia. "Panda ngazi yako kutoka sol. Kanyaga ya kwanza, ruka, kanyaga ya tatu, ruka, kanyaga ya tano. Zilize pamoja. Kwisha."

Fundi akahesabu kwa vidole: sol, si, re. Akatia Kiti cha baba yake, akakikagua uzi kwa uzi. Sol. Si. Re. Sol. Si. Sol. Hakukuwa na mgeni hata mmoja. Akaikagua Bata, nayo ikawa do, mi, sol, imekamilika. Alikaa akiishika ile shingo kwa muda. Baba yake hakujua jina la noti hata moja, na bado hakuwa amemfundisha kosa.

Kilichobaki ni kujua wimbo uende wapi, na hilo alikuwa nalo Chiriku, ambaye hakutaka hata kusikia gitaa likitajwa.

Chiriku alifanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno. Ikatokea kliniki hiyo ilimwita Fundi abadilishe ngozi ya viti vya kungojea, naye akaenda na mashine yake ya pini akapiga magoti ukumbini. Akamsikia dada yake akiita wagonjwa. "Anayefuata," alisema Chiriku, na mzee mmoja aliyekuwa anasinzia akasimama wima kama ameitwa na mkuu wa kikosi. Fundi aliacha kupiga pini. Alikuwa amezoea kuiona sauti ile kama kitu kilichoharibika. Hapa ukumbini, ikitoka chini bila kulazimishwa, haikuwa na mkwaruzo hata kidogo. Ilikuwa imejaa kama kochi jipya.

Mchana wagonjwa walipungua. Chiriku akaanza kupanga kadi, na bila kujua kama anasikilizwa akaguna wimbo wa mama yao, polepole, kule chini alikojisikia raha. Alipofika pale penye kupanda, akapanda. Sauti haikukatika.

Fundi alishika noti ile ya kwanza kichwani, akafunga mashine yake, akatoka. Njia nzima alikwenda akiiguna ndani ya pua. Jirani alimsalimu, hakumjibu. Muuza mboga alimwita kwa jina lake la utani, akampungia mkono tu. Jioni ile ilisemwa mtaani kwamba Fundi siku hizi anaringa. Alipofika kwake, baba mkwe alimwona amefumba mdomo huku anaguna, akaelewa.

"Usiseme," alisema mzee. "Imba."

Akaimba. Mzee akafumba macho, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Wimbo umeshuka hadi mi bemoli," alisema alipopata pumzi. "Yaani ile mi yako, uiteremshe nusu. Mwanangu, huko ndiko kwetu watu wa matarumbeta. Huko nimekula na kulala. Dada yako hakupotea, amehamia mtaani kwetu."

Kwenye mi bemoli hakukuwa na Kiti, wala Bata, wala Pembetatu. Nyuzi nyingi zikilia wazi hazikufaa. Lakini Fundi sasa aliijua nyumba. Kidole cha kwanza alikilaza juu ya nyuzi zote kama ubao, kibane chumba kizima, na vidole vingine vikashika umbo mbele yake. Maumbo yalikuwa mawili tu, na kila aliposogeza mkono umbo lilelile lilikuwa kodi nyingine, kama kigezo cha karatasi unachokisogeza juu ya kitambaa na kukata mto mwingine uleule. Chumba cha sita alipata mi bemoli. Palepale, kwa kubadili vidole, akapata si bemoli. Akirudi cha nne, la bemoli. Wimbo mzima ulikuwa mkononi. Kidole kile cha kulala huwatoa wanafunzi machozi kwa miezi, lakini Fundi alikuwa amevuta ngozi juu ya mbao tangu ujana. Kilimuuma siku chache, kikazoea.

Hakwenda kumbembeleza Chiriku. Alimtumia ujumbe kwamba aje karakanani achague kitambaa cha viti vyake vya sebuleni. Chiriku alikuja, akakaa kwenye fremu ya kochi isiyo na mto, akaanza kupekua vitambaa. Fundi akachukua gitaa, akapiga utangulizi wa wimbo wa mama.

"Nilikwambia," alisema Chiriku.

"Mimi napiga tu. Wewe chagua kitambaa."

Utangulizi ukazunguka, ukarudi, ukazunguka tena. Chiriku alikuwa ameshika kitambaa cha kijani bila kukitazama.

"Mbona unapiga chini?"

"Napiga ulipo."

Utangulizi ulipopita tena, Chiriku akaingia. Aliimba kwa tahadhari, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na walipokaribia pale pa kupanda Fundi aliona mabega ya dada yake yakikakamaa. Sauti ikapanda, nene, ikasimama juu ya noti yake na kukaa hapo. Chiriku aliumaliza ubeti. Kisha akakiweka kitambaa usoni akalia kidogo, akajifuta nacho.

"Hiki nakichukua," alisema. "Nimeshakichafua."

Siku ya harusi ukumbi ulijaa. Shangazi alikaa mbele na fundi saa wake, wameshikana mikono bila kujali mtu. Dada na mdogo wake walipoitwa, Chiriku alisimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe, na hofu ikampanda. Hakungoja utangulizi. Alifumba macho akaanza kuimba peke yake, na alianza chini zaidi ya walivyozoea.

Ukumbi haukujua. Baba mkwe alijua, akainua shingo kwenye kiti chake. Fundi alijua. Zamani angekaa pale na Kiti chake mkononi, asubiri aibu. Sasa alisikiliza maneno machache, akatafuta noti ya dada yake kwenye uzi mmoja kwa ncha ya kidole, taratibu, asisikike na mtu. Ilikuwa chini hatua nzima. Akarudisha mkono wote vyumba viwili nyuma, akangoja mstari uishe, akaingia.

Chiriku alifumbua macho. Gitaa lilikuwa chini ya sauti yake, limemkalia sawasawa. Mabega yakashuka. Kuanzia hapo aliimba akiwa anamtazama Shangazi usoni, na pale pa kupanda alipanda kama mtu anayeingia chumbani kwake, na bibi harusi, aliyekuwa ameapa kwamba hatalia, akamkabidhi bwana harusi miwani yake ashike.

Makofi yalipotulia, Chiriku alimwinamia mdogo wake.

"Nilianza vibaya, sivyo?"

"Ulianza chini. Si vibaya."

"Ukajuaje pa kuja?"

"Nilikusikia," alisema Fundi.

Shangazi alikuwa ameshasimama, anawaonyesha watu kwa mkono kwamba mambo hayajaisha, anataka mwingine, ule wa kuchezeka. Chiriku alikohoa kidogo, akajinyoosha, akatazama ukumbi. Fundi alipangusa kiganja kwenye gauni, akauweka tena mkono shingoni mwa gitaa.

"Huu unautaka wapi?" aliuliza.