Skrubu Aliyoifunga Kaka

Kwa wiki tatu Masizi aliamini kwamba yeye ndiye aliyeiharibu mashine ya kaka yake.

Jina hilo alipewa na kaka huyo huyo, kwa sababu tangu aanze kumsaidia karakanani hakuwahi kurudi nyumbani bila unga mweusi wa tona puani. Kazi yao ilikuwa kufufua printa zilizotupwa na maofisi. Lakini kaka alikuwa na lake moyoni: printa ya kuchapa kadi za dozi za hospitali, ambayo herufi zake hazififii hata kidogo. Akatengeneza rola yake mwenyewe, ya sponji laini kuliko ile ya kiwandani. Rola hiyo hupita chini ya karatasi na kuuvuta wino wa unga kwa umeme, utoke kwenye silinda ukae kwenye karatasi, kabla ya rola za moto kuuyeyusha ukashika. Alipima miezi mitano ajue umeme kiasi gani unafaa. Alipoupata, aliazima rangi ya kucha ya mkewe, akadondosha tone jekundu juu ya skrubu ya kurekebishia umeme huo, mtu asije akaigusa.

"Hii nimeimaliza," alimwambia mkewe jioni hiyo.

Siku tisa baadaye alianguka bafuni, wala hakuamka tena.

Baada ya mazishi mashine ikaanza kuchapa vibaya. Herufi zilitoka zimeliwa katikati kama mbao zilizoingiwa na mchwa. Masizi alibadilisha tona, akasafisha silinda, akaikagua sponji kwa tochi. Wapi. Wifi yake, mjane wa kaka, ambaye sasa ndiye mwenye karakana, alikuwa akisimama mlangoni na kusema, "Ilikuwa nzima alipokuwepo."

Kisha mfamasia wa hospitali iliyotaka kuinunua mashine akaleta rimu mbili za karatasi. "Hizi ndizo tunazotumia," alisema. "Alhamisi nitakuja mnichapie kwa hizi hizi. Msinichagulie nzuri."

Hizo zilitoka mbaya kupita zote. Masizi alipozipapasa alizikuta baridi, pembe zimejikunja. Ndipo akakumbuka kwamba kaka alikuwa akiziweka rimu zake juu ya kifuniko cha mashine, penye joto la rola za moto. Baada ya msiba wifi alifanya usafi akazihamishia kwenye kabati la chini, kwenye ukuta unaovuja. Masizi akachukua karatasi kumi za hospitali, akazilaza juu ya kifuniko, akasubiri saa nzima, akachapa. Herufi zikatoka nyeusi, nzima.

Alikaa kwenye stuli akingoja kuhisi nafuu. Haikuja. Kaka alikuwa amepimia karatasi zilizokaushwa bila mwenyewe kujua, na umeme aliouchagua ulizifaa hizo tu. Karatasi yenye unyevu hupitisha umeme. Umeme ukiwa mwingi, wino ulioanza kukaa kwenye karatasi hurudi nusu yake kwenye silinda. Angependa kosa liwe lake. La kwake angelirekebisha, akaomba radhi, yakaisha.

Alhamisi asubuhi alimweleza wifi yake yote. Wifi alisikiliza huku akifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Kwa hiyo tuziweke juu ya mashine," akasema. "Tatizo limekwisha. Mfamasia mwenyewe haji mpaka saa nne."

"Na hospitali je? Watazianika wapi?"

"Utawaambia."

"Wifi, kadi inasema nusu kidonge. Lile neno nusu likiliwa, mgonjwa anameza kizima."

"Unanitisha sasa."

"Najitisha mwenyewe."

Wifi alimtazama. "Uso wako una wino kuliko karatasi zako, halafu unataka kumsahihisha aliyekufundisha."

"Kila siku una lako kuhusu uso wangu."

"Nani mwingine atakwambia? Aliyekuwa akikwambia hayupo." Alisema kwa utani, lakini akageukia dirisha. Baadaye akasema polepole, "Alikufa na madeni ya watu, na paa halijaezekwa, na mtoto hajamfundisha baiskeli. Kitu kimoja tu aliniambia amekimaliza. Na wewe unataka kunifungulia hicho."

Masizi alitamani kusema kwamba kaka alikaribia, kwamba rola ni yake na ni nzuri, kwamba zimebaki volti chache tu. Yote yalikuwa kweli, na hakuna lililotosha. Akapiga moyo konde, akachukua bisibisi.

"Nifanye ukiwepo, au utoke?"

Wifi alitoka. Hakuubamiza mlango.

Rangi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Aliikwangua kwa ncha ya wembe mpaka ikaachia vipande vidogo vyekundu, akavipuliza. Akaweka mita, akapunguza umeme kidogo, akachapa karatasi baridi. Herufi bado zililiwa. Akapunguza tena. Mara ya sita zikatoka nzima. Akajaribu karatasi kavu kutoka juu ya kifuniko; weusi ulipungua kidogo tu, lakini kila neno lilisomeka. Alichukua daftari la kaka. Chini ya mwandiko wake akaandika hesabu mpya, bila kuikata ya zamani, na pembeni akaongeza: karatasi yenye unyevu.

Mfamasia alifika kabla ya saa nne. Alichomoa karatasi katikati ya rimu yake mwenyewe, akampa Masizi aichape, kisha akaipeleka dirishani, akasoma kwa sauti kama anayesomea mgonjwa asiyeona vizuri: "Nusu kidonge, mara mbili kwa siku, baada ya chakula." Akasugua kwa kidole gumba. Wino haukufutika. "Nani aliyeitengeneza?"

Wifi alikuwa ameingia nyuma yake, amesimama karibu na kabati. Masizi alimtazama, akingoja yeye ndiye ajibu.

"Mume wangu," wifi alisema. "Hakuimaliza. Huyu dada yake ndiye aliyeimalizia."

Alilisema bila hasira wala sifa, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba kwa aliyechelewa kuja. Kisha akavuta kiti cha mumewe, akakaa, akafunika macho kwa kiganja. Mfamasia, asiyejua pa kutazama, aliomba achapiwe kumi zaidi. Masizi akapakia karatasi.