Ardhi Ilimkataa Mama

Kwetu Thesaloniki kaburi ni la kupanga. Unazikwa, miaka mitatu inapita, unafukuliwa, mifupa inaoshwa kwa divai na kutiwa sandukuni, halafu mwenzio anapewa nafasi. Basi asubuhi moja ya Februari mimi na dada yangu Marianthi tulisimama kando ya kaburi la mama, chupa ya divai mkononi, tukingoja mifupa. Mchimbaji akafunua ubao, akarudi nyuma, akafanya ishara ya msalaba.

Mama alikuwa mzima. Sisemi hai, nasema mzima: ngozi yake, kitambaa chake cha kichwa, na mdomo ameubana vile vile alivyoubana mteja akilalamikia mkate. Ardhi ilikuwa haijamla. Nikakaa juu ya kaburi la jirani bila hata kumwomba radhi.

Mchimbaji alisema ni udongo tu, ni wa mfinyanzi, hutokea. Marianthi akayadaka maneno hayo upesi, maana yeye ni msomi na haamini mambo ya wafu. Lakini mtaani kwetu hata mtoto anajua kwamba maiti asiyeoza ni maiti asiyesamehewa. Padri Anestis aliamuru mama azikwe upya pembeni, kwenye udongo mwepesi, kisha akatuambia kwa sauti ya chini kwamba yuko mtu mwenye kinyongo naye, na mtu huyo atamke msamaha Jumamosi ya Wafu, siku ya kuwaombea marehemu, mama apate kupumzika. Mimi nikamgeukia dada yangu. Sikuhitaji kupiga ramli.

Marianthi huandika riwaya huko Athene. Maisha yake yote ameyamalizia kwa wanawake wa Bizanti, dola yetu ya kale, waliotawala Konstantinopoli kwa jina la waume na watoto wao, maana mwanamke wa zama zile akitaka enzi mlango wake ulikuwa mmoja tu: mwanamume aliye karibu. Kitabu chake kilichompa jina kinamhusu Malkia Agathi, aliyemtunga kichwani mwake, mama aliyemtoboa mwanawe macho ili kiti kibaki chake. Mtaa wetu mzima, Mji wa Juu, ulikisoma, na mtaa mzima ukamwona ndani yake mama yetu, Polikseni wa mikate.

Tulikuwa na kaka, Sotiris. Baba alipofariki, duka la mikate liliandikwa jina lake, kwa kuwa ndiye mwanamume. Akataka kuliuza aoe msichana wa Kavala. Mama, aliyelikanda lile duka kwa mikono yake tangu siku ya kwanza, akatafuta daktari wa kuandika kwamba kijana ana wazimu, akampeleka mwanawe hospitali ya vichaa kisiwani. Sotiris hakutoka tena ila kwa jeneza. Watu walinong'ona tu miaka yote. Kitabu kilipotoka wakapata la kumwita: Malkia. Walimwita hivyo mbele yake, akiwapimia mkate, naye hakukana hata siku moja.

Siku ya maziko yake, miaka mitatu nyuma, tuligawa ngano ya wafu, ile inayochemshwa na kutiwa sukari na komamanga. Anayeionja lazima aseme, "Mungu amsamehe." Nilitega sikio. Wakala wote, hakuna aliyesema. Wakatafuna kama mbuzi, wakaenda zao.

Ndiyo maana tulipotoka makaburini nilimwambia dada ukweli wake: wewe ndiye uliyemfunga mama mle ndani, kamfungue. Akaniita muuza mikate mjinga. Nikamjibu kwamba mdomo huponza kichwa, lakini kalamu yake imeponza kaburi. Tukanuniana chini ya paa moja, maana alikuwa amefikia kwangu.

Kisha ndara zikaanza. Adhuhuri, duka likifungwa na mtaa ukilala, nikiwa jikoni kwetu juu ya duka nilizisikia huko chini karibu na tanuri, mguu wa kushoto ukiburuzwa kama alivyokuwa akiuburuza mama. Niliogopa kusema, nisionekane nimerukwa na akili. Siku moja Marianthi alikuwa mezani na kahawa yake, nikaona rangi imemtoka.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Nasikia tangu tumfukue."

Akaweka kikombe chini. Akaniuliza ngano huchemshwaje.

Alibeba sinia mwenyewe, mwanamke aliyezoea kuhojiwa kwenye televisheni, akapita mlango kwa mlango. Kila mlango alikutana na swali lile lile, na aliyeliuliza bila kupepesa ni Bi Evlambia, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara: kwani uliyoyaandika si kweli?

"Agathi alifanya," Marianthi akasema. "Mama hakufanya. Nilitunga."

Bi Evlambia akafunika uso kwa aproni, akalia kweli kweli. Maskini Polikseni, akasema, kumbe tumemla nyama bure. Mungu amsamehe. Na mlango wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Mimi nilifuata nyuma na vijiko, nimeona haya na nimefurahi kwa pamoja.

Kesho yake adhuhuri ndara zilipanda ngazi. Zikaja hadi mlango wa jikoni, zikasimama. Marianthi alinishika mkono, kucha zikaniingia. Hapo ndipo akili iliponijia.

"Wamemsamehe mwanamke asiyetenda kitu," nikamwambia. "Mama alitenda."

Jumamosi ya Wafu tulikwenda na padri, mishumaa na ngano. Marianthi akapiga magoti kwenye tope na koti lake la bei.

"Mama," akasema, "ulimfungia Sotiris ukijua ana akili zake timamu. Ulitaka duka lako, na sheria haikukupa. Nimekuandika mpaka hasira ikaniisha, sijui hata iliisha lini. Mungu akusamehe. Mimi nimekusamehe."

Akalia kama mtoto. Nami nikalia kwa nafuu, nikijua limekwisha. Padri akanipa mimi kijiko.

Mtoto mwema nilikuwa mimi. Nilimwosha mama, nilimlisha, nililala chumbani mwake hadi pumzi ya mwisho, nikagombana na nusu ya mtaa kwa ajili yake. Nikatafuna ngano, nikameza, nikafungua kinywa. Nikamwona Sotiris, aliyenisuka nywele kila asubuhi ya shule kwa sababu mama alikuwa kwenye tanuri, akiingizwa garini na vifungo vya shati vimekosewa, na mama akigeuka, akirudi ndani kutazama mikate isiungue. Moto ulinipanda kifuani. Nikakirudisha kijiko siniani.

"Sema tu, mdogo wangu," dada akanibembeleza. "Ni maneno mawili."

"Siwezi."

Padri alingoja hadi mishumaa ikazimwa na upepo, kisha akafunga kitabu chake.

Marianthi amerudi Athene na anasema analala vizuri, hasikii kitu. Mimi nimebaki na duka. Kila adhuhuri nakaa jikoni, namsikia mama akipanda ngazi, mguu wa kushoto nyuma, anafika mlangoni anasimama, ananingoja mimi.