Nani Azisema Beti za Subira

Bwanamkuu hakuwa mtu wa kugombana na binti yake. Akitaka jambo, alizunguka nyuma ya nyumba akaingilia uani. Jamila alipomwambia kwamba amechoka kumngoja mumewe Hadi, na kwamba anataka kwenda kwa Kadhi avunjiwe ndoa, mzee alikohoa tu. Kisha akatuma mtu kwa Bi Umulkheir, msomaji wa tendi, aje Alhamisi awasomee wanawake utendi wa Sitara.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Hadi aliondoka Amu mwaka ule wa sherehe za taji la Malkia, akaenda Unguja kutafuta kazi. Mtu mmoja alisema alimwona Ngazija, mwingine akaapa kuwa si yeye. Baadaye hata wa kuapa hakuwapo. Jamila akabaki nyumbani kwa mavyaa yake, Bi Mwanaarabu, mama mzazi wa huyo Hadi, wakila sinia moja na kulala vyumba vinavyotazamana. Kadhi hakuwa na pingamizi, mradi apate shahidi wa kumwambia kwamba mume hakuleta chakula wala salamu. Na shahidi angekuwa nani ila baba? Bwanamkuu akikataa, Jamila angezeeka akiwa mke wa mtu asiyejulikana yu hai au yu maiti.

Sasa huo utendi wa Sitara, hakuna mwanamke wa mtaa ule asiyeujua. Mume wa Sitara asafiri, waposaji wamzonge mke, naye angoje miaka na mikaka mpaka mume arudi na mali. Wanawake hulia pale pale kila usomwapo, hata wale waliokuwa wakitafuna tambuu wakicheka. Bwanamkuu alitumai binti yake atalia na wenziwe, kisha atanyamaza. Yeye mwenyewe aliketi dakani, kwenye kibaraza cha mlango wa mbele, kama wafanyavyo wanaume, wanawake wanaposomewa ndani. Pale husikia kila neno na kujifanya hawasikii lolote.

Bi Umulkheir alijaaliwa sauti, na tusimnyime haki yake. Lakini utendi husomwa kwa mahadhi yale yale tangu bismillahi mpaka amina. Akisema mfalme, sauti ni hiyo. Akisema mtumwa, ni hiyo hiyo. Msikilizaji hubebwa, asijue nani kanyamaza na nani kashika neno. Ndiyo maana kuna desturi kwamba aliyeandaliwa kisomo ana haki ya kumsimamisha msomaji na kumwuliza juu ya ubeti wowote. Msomaji asiyejibu haalikwi tena.

Walianza vizuri. Palipofika habari za mposaji mkubwa, waziri wa mji, Bi Mwanatumu wa nyumba ya jirani alimlaani kama kawaida yake. Mwingine akasema waziri hana kosa, mwenye kosa ni mume, alikuwa akifuata nini huko muda wote huo? Wakacheka, wakabishana, wakamwomba msomaji aendelee. Zikaja beti za subira, zisemazo kuwa mke mwema ni sanduku lililofungwa, ufunguo anao mwenyewe safarini. Leso zikapanda machoni. Bi Mwanaarabu alilia kuliko wote.

Jamila hakulia. Aliinua mkono.

"Bi Umulkheir, niwie radhi. Beti hizi za subira, nani azisema?"

Msomaji alikereka, na nani asingekereka kukatizwa pale penye utamu? Akajibu kwamba ni Sitara, angekuwa nani mwingine. Jamila akamwomba arudi nyuma azisome polepole bila mahadhi. Bi Umulkheir akarudi. Ubeti wa kwanza ulikuwa ni maneno ya mavyaa yake Sitara. Wa pili, ya kaka yake. Kisha mavyaa tena, kisha jirani, kisha mavyaa.

"Na Sitara mwenyewe?"

Bi Umulkheir alifumba macho, akaupitia utendi mzima kwa midomo bila kutoa sauti. Alipoyafumbua alikuwa kama mtu aliyepapasa mfuko akaukuta mtupu.

"Sitara hasemi," alisema. "Tangu mume aondoke mpaka arudi, hana hata neno moya."

Hapo kila mmoja akawa na lake. Wengine walisema kimya cha mwanamke ni ridhaa, wengine kwamba mtungaji alisahau.

"Mtungaji amempa neno hata mchota maji," Jamila alisema. "Hawezi kumsahau mwenye utendi. Amemnyamazisha makusudi, tuone jinsi wote wanavyomsemea. Nasi twamlilia Sitara kwa maneno ya mavyaa yake."

Mavyaa yake mwenyewe alikuwa ameketi mkono wake wa kulia. Bi Mwanatumu alimwambia wazi kwamba amekosa adabu. Jamila akainamisha kichwa. Alijua baba kasikia, na mavyaa kaumia, na kwa Kadhi ndiyo hakwendeki tena.

Bi Mwanaarabu alifuta macho taratibu.

"Baba yake Hadi naye alisafiri," alisema. "Alimwacha mtoto akitambaa, akamkuta amebaleghe. Walinisomea utendi huu huu. Nalikuwa na la kusema, ila hakuna aliyeniuliza."

Kisha akapaza sauti upande wa mlango. "Bwanamkuu! Kesho huyu aenda kwa Kadhi. Wewe usiposhuhudia, nitashuhudia mimi niliyemzaa Hadi."

Dakani kikohozi kilichukua muda mrefu. Mzee aliona aibu, na haki yake aione: mama atoe ushahidi dhidi ya mwanawe, na yeye baba akae barazani? Akasema basi, atakwenda.

Wanawake walipotawanyika, Jamila alimshika mavyaa yake mikono yote miwili, akalia kilio ambacho utendi haukumtoa. Alikuwa amejiandaa kushindana na mwanamke huyu, si kumwacha peke yake. Akamwomba radhi.

"Radhi unayo," alisema Bi Mwanaarabu. "Wewe Kadhi atakuvunjia ndoa, utakwenda zako. Mimi Hadi ni mwanangu. Nitavunjiwa na nani?"