Siku ya Kuonyesha Viganja

"Mafuta ya alizeti tena, Taisia?" Fekla muuza duka aliuliza kwa sauti ya kufika barabarani. "Juzi si ulichukua chupa?"

Watu saba kwenye foleni walijifanya wanatazama samaki wa kopo, huku macho yao yakiteremka mikononi mwa Taisia.

"Nakaanga chapati za maji."

"Chapati za chupa mbili! Mume kaburini, binti mjini. Unamlisha nani, paka?"

Watu wakacheka. Taisia alilipa, akagundua kuwa bei imepanda tangu Jumatatu, akaitia chupa mfukoni, akatoka bila kuaga.

Hapo kijijini Tikhi Yar, katikati ya Septemba, chupa ya mafuta ilitosha kumharibia mtu jina. Ulimbo wa msonobari hausikii sabuni. Aliyeshika koni, yale matunda magumu yanayobeba mbegu, hutakata kwa mafuta tu. Na msitu wa misonobari nyuma ya kijiji haukuguswa na mtu kabla ya siku waliyokubaliana wote. Asubuhi ya siku hiyo kila mmoja alionyesha viganja vyake mbele ya wenzake, ndipo waingie pamoja. Siku yenyewe ilikuwa leo. Lakini wiki mbili zilizopita maganda mabichi ya koni yalionekana mtoni, na tangu hapo kijiji kizima kililala jicho moja wazi. Wanawake walinusana kama mbwa.

Taisia alijua mafuta yake yanakwenda wapi. Alikuwa mchochea tanuri wa shule, na makaa ya mawe yalimpasua ngozi mpaka damu. Bila mafuta asingeweza kukunja vidole. Angemweleza nani, Fekla? Kila mwaka magunia mawili ya mbegu za kuuza yalimvusha kipupwe. Mwaka huu yalikuwa na kazi moja: buti na koti la binti yake Lida, aliyekuwa akienda chuo cha uuguzi na viatu vya mvua.

Yeye mwenyewe alimshuku Zina.

Zina alikuwa jirani yake na mwenzake wa nyundo kwa miaka kumi na moja. Ile nyundo ya kugonga mashina ili koni zianguke, gogo zima kwenye mpini mrefu, haibebwi na mtu mmoja. Lakini tangu Jumamosi Zina alivaa glovu, na jua bado lina joto. Alichota maji na glovu. Alimpa kuku mtama na glovu. Taisia alimchungulia dirishani, akajisemea: haya, shoga yangu, leo utazivua.

Saa nne walijipanga kwenye uzio. Mzee Pankrati, ambaye hakusikia vizuri na hakuwahi kuficha kwamba kazi hii anaifurahia, alipita akishika mkono mmoja mmoja na kuunusa.

"Taisia! Hii nini, lami?"

"Makaa, mzee. Na nyufa."

Akavigeuza viganja, akaona damu iliyokauka, akaviachia taratibu. Fekla akatazama pembeni.

"Zina, vua."

"Mzee, mimi unanijua."

"Vua, dada," Taisia akasema. "Au kuna kinachokuwasha?"

Zina akavua. Viganja safi. Ila kwenye kidole, palipokaa pete ya ndoa miaka ishirini na sita, palibaki mstari mweupe.

"Bei ya kuni," alisema. "Sasa mmeshiba?"

Taisia alitamani ardhi immeze. Alinyanyua upande wake wa nyundo, Zina akashika wa pili, wakaingia msituni.

Hawakuhitaji nyundo. Koni zilikuwa zimekwisha, matawi ya juu yamevunjwa, magome yamechunwa na mashine, na ardhi imechimbwa na magurudumu yaliyoingilia upande wa machimbo ya mawe. Jioni zote zile walisikia malori, wakadhani ya mawe. Wao walikuwa wakisikilizia nyayo za majirani.

"Tokeni humo!" Bwana Rudakov, ofisa misitu wa wilaya, alikuja akifoka, karatasi mkononi. "Msitu umekodishwa kwa kampuni tangu Julai. Kuingia ni kosa, na kosa lina faini."

"Nani alituambia?" Pankrati aliuliza.

"Tangazo lilibandikwa."

"Wapi?"

"Ofisini kwangu."

Ofisi yake ilikuwa kilomita sitini kutoka hapo.

Taisia akasogea. "Bwana Rudakov, hapa kila anayeingia leo anaonyesha viganja. Nawe onyesha."

Rudakov akacheka, akavua glovu za ngozi, akainua mikono kama anayetekwa. Ilikuwa safi, laini, bila tone la ulimbo. Kwenye dole gumba tu palikuwa na wino wa zambarau, wa mhuri.

"Mmeridhika?"

Taisia alikiangalia kile kidole. Kisha akamgeukia Zina. "Shika upande wako."

"Hakuna kitu huko juu."

"Shika tu, shoga."

Waliisimamisha nyundo kandokando ya shina, wakaivuta nyuma, wakaiachia. Mlio ulizunguka msitu mzima. Majani makavu kama sindano yalimwagikia kofia ya Rudakov, na kutoka kileleni, ambako mashine haikufika, koni moja ikaanguka.

Rudakov alitoa daftari. "Jina!"

"Taisia Lomova. Nachochea tanuri la shule."

"Niandike na mimi," Zina akasema. "Peke yake asingeiinua."

Aliinama, akaiokota ile koni, akaitia mfukoni mwa Taisia, pale pale kwenye chupa ya mafuta. Taisia akaipapasa, ulimbo ukawanata wote wawili.

"Ya Lida," alisema. "Viganja nitakuja kunawia kwako."