Sura ya Mwisho Iliungua

Januari ile serikali ilipotangaza kwamba shule hazitafunguliwa mpaka nchi itulie baada ya uchaguzi, Timothy Nzuki aliinamisha kichwa mbele ya redio kwa majonzi yanayomstahili mwanafunzi wa bweni, halafu akaenda nyuma ya choo cha ploti yao ya vyumba vya kupanga akacheza densi kimyakimya. Alikuwa anaingia kidato cha nne. Shuleni kwake, huko Machakos, alisifika kwa mambo mawili: alama za juu za fasihi ya Kiingereza, na mbuzi wa mpishi ambaye siku moja alikutwa ofisini kwa naibu wa mkuu, amevaa tai.

Furaha ile haikudumu. Kila asubuhi moshi wa matairi ulipanda upande wa Kibera. Maduka ya Kawangware yalifunguliwa nusu mlango, na mama yake, Kaluki, aliyezoea kwenda kuwafulia matajiri nguo, sasa alishinda mlangoni akichambua maharagwe aliyokwisha kuyachambua jana. Ndipo Joan Nalianya alipokuja.

Joan alikuwa akiishi Laini Saba, Kibera, na kaka yake Murunga, fundi wa sufuria na majiko kando ya reli. Nyumba yao ilichomwa. Murunga alimfikisha kwa shangazi yao, ploti ya pili kutoka kwa kina Timothy, akageuka kurudi kuokoa nyundo na koleo zake kabla hazijabebwa na watu. Hakuonekana tena. Joan akimpigia simu, mama mmoja mwenye sauti ya upole alimwambia kwamba mteja hapatikani kwa sasa.

Shule ya Joan nayo ilikuwa imevunjwa, madawati yakawa kuni. Shangazi alikuwa na mpango mmoja tu: lori likipatikana, Joan apelekwe Bungoma akalime, na habari ya masomo iishie hapo. Lakini shule moja ya kanisa hapo Kawangware ilikuwa na nafasi moja ya bure, kidato cha nne, kwa mwanafunzi aliyepoteza makao. Angeipata atakayewashinda wenzake katika insha ya fasihi ya Kiingereza. Mtunzi wa swali, Mwalimu Wepukhulu, hakuamini mtihani mwingine wowote chini ya jua.

"Niaje, Timo," Joan alisema. "Nasikia wewe ni mkali wa fasihi."

"Mimi pia nasikia hivyo. Mara nyingi nikijisikiliza."

Akampa insha aliyokuwa ameiandika nyuma ya bango la kampeni, kwa sababu karatasi hazikuwepo. Timothy akaisoma kwa uso wa askofu, huku mgombea udiwani, ambaye alishindwa, akitabasamu upande wa pili.

"'Tangu dunia iumbwe,'" alisoma. "Joan, mtahini ana rundo la karatasi na nyumbani ugali wake unapoa. Wewe unampeleka bustani ya Edeni kufanya nini?"

"Sasa nianzie wapi?"

"Aanzie kwa gharika, manze, ni karibu kidogo," alisema Ishmael, jirani wa kidato cha pili, aliyekuja kwenye darasa hilo la nyumbani kwa sababu tu palikuwa na chai.

Timothy aliifukuza hadhira hiyo kwa kijiko, akatoa sheria zake. Swali lisomwe mara mbili. Hadithi isisimuliwe, maana mtahini aliisoma Joan akiwa bado ananyonya. Kila hoja ifuatwe na ushahidi, na ushahidi ufuatwe na maelezo. "Ukiniambia Sela wa riwaya ni mkaidi, nitakuuliza: nani amesema? Kitabu kimesema wapi, kwa maneno gani? Hoja bila ushahidi ni umbea."

Kitabu chenyewe wanafunzi walikiita Kijani, kwa rangi ya jalada lake. Kilimhusu Baraka, mwashi anayeondoka kwenda kujenga daraja la Gavana, na dada yake Sela, anayebaki nyumbani akimkataza kila mtu kukalia kigoda cha kaka yake. Nakala ya Joan ilitolewa majivuni ikiwa imeliwa na moto kuanzia nyuma, na sura ya mwisho ilikuwa imekwisha yote. Darasa lao halikuwa limefika huko. Nakala ya Timothy, inasikitisha kutangaza, ilikuwa imebadilishwa bwenini kwa nusu mkate wenye siagi. Na maduka ya vitabu ya mjini yalikuwa yameshusha milango ya chuma.

Joan alishika haraka. Akaacha kuanzia Edeni. Akaacha kusimulia. Mabango ya wagombea yalipoisha ukutani kwa upande huu wa barabara, alivuka akabandua ya upande ule, akiandika bila upendeleo wa chama. Siku moja alileta jibu ambalo Timothy alilisoma mara mbili akitafuta pa kuchekea, asipapate.

"Hili lingekuwa langu," alisema, "ningelitia kwenye fremu."

"Bado sura ya mwisho, Prof."

Walikuwa wawili tu. Mama yake Ishmael alikuwa amemfungia ndani, maana asubuhi hiyo risasi zilisikika karibu. Joan alikuwa ametoka kupiga simu, na ile sauti ya upole ilikuwa imemjibu kama kawaida. Aliiweka simu juu ya goti.

"Baraka anarudi?"

Kitabuni, Baraka harudi. Nyapara wa daraja anabisha mlangoni akiwa na viatu vya Baraka vilivyofungwa kwa gazeti. Sela anavipokea kwa mikono miwili, na kwa sababu hajui neno jingine la kusema, anamuuliza yule nyapara kama amekula. Timothy aliujua ukurasa huo kwa moyo. Ndio uliompa alama zake za juu kuliko zote. Akafungua mdomo ausimulie.

"Anarudi," alisema.

Maisha yake yote alikuwa amedanganya huku mbavu zikimtekenya. Uongo huu haukumtekenya popote.

Joan alifumba macho kidogo. "Anarudi aje?"

"Kwa miguu. Kuna mvua. Sela amelala."

"Na maneno kamili?"

"Maneno gani?"

"Ya kitabu. Si wewe ndiye unasema bila ushahidi ni umbea?"

Hapo mwalimu akawa amenaswa na somo lake. Alitazama juu kama mtu anayekumbuka, na palepale akatunga, kwa Kiingereza cha vitabu chenye nukta-mkato mahali pake, maneno ya Baraka akiwa nje mlangoni: dada, mbona umefunga na mimi sijaingia, ulidhani nimeenda wapi? Joan akayaandika. Akayarudia mpaka yakamkaa mdomoni. Halafu akacheka, na Timothy akatambua kwamba hajawahi kumsikia akicheka.

Alijiambia kwamba swali halitagusa mwisho. Maswali mara nyingi huuliza mambo ya katikati. Alijiambia hivyo siku kadhaa, na kila siku ilizidi kuwa vigumu kusadiki. Asubuhi ya mtihani alikimbia akamkuta Joan langoni mwa shule.

"Joan, ngoja. Nilikudanganya. Baraka harudi. Wanaleta viatu vyake."

Joan alimtazama, akatabasamu. "Wewe hata leo huwezi kuacha?"

"Naapa kwa Mungu."

"Uliapa hivyohivyo kwamba chai ya mama Ishmael imetiwa mkojo wa paka."

"Ule ulikuwa mchezo! Huu ni ukweli."

"Haya. Nipe ushahidi."

Akampa. Akamwambia viatu, gazeti, mikono miwili, na lile swali la Sela kwa nyapara, neno kwa neno. Joan alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa kama mtahini.

"Hapana. Mtu ameletewa viatu vya ndugu yake, halafu anauliza mgeni kama amekula? Hiyo umetunga, Timo. Ile ya kwanza ndiyo inakaa ya kitabu."

Kengele ikalia, akaingia.

Swali lilikuwa moja tu: mwisho wa riwaya unatuonyesha nini kuhusu Sela?

Timothy hakungoja matokeo yabandikwe. Alimfuata Mwalimu Wepukhulu ofisini, akasimama mbele ya meza bila kuambiwa aketi, akaungama. Mwalimu alimsikiliza huku kidole kikiwa juu ya karatasi ya Joan.

"Kwa hiyo ndiwe uliyemfundisha."

"Ni mimi, Mwalimu."

"Umemfundisha vizuri sana. Hasimulii. Kila hoja ina ushahidi wake. Sijasahihisha insha nzuri kama hii siku nyingi." Akainua macho. "Ila kitabu alichokiandikia hakijachapishwa mahali popote."

"Mpe swali jingine, Mwalimu. Kosa si lake."

"Na yule kijana wa Silanga aliyefanya naye mtihani nimwambie nini? Ana hoja tatu, kavu kama makaa anayouza mama yake, lakini zote zimo kitabuni. Nafasi ni moja. Nimeshamwita." Alivua miwani. "Kwa nini ulimwambia anarudi?"

"Kaka yake mwenyewe hajarudi. Mwalimu angemwambia nini?"

Ilitoka kwa ufidhuli, kama alivyozoea kujibu walimu. Safari hii Wepukhulu hakukasirika. Alikunja karatasi ya Joan mara mbili, akampa.

Joan alikuwa kwenye mfereji wa maji wa ploti, anafua. Timothy akamwambia yote akiwa amesimama, haraka, ili asipate nafasi ya kupamba: nafasi imekwenda, kosa ni langu, nilijaribu. Joan alipangusa mikono kwa sketi, akafungua karatasi. Pembeni, kwa wino mwekundu, Mwalimu alikuwa ameandika: *Haya hayamo kitabuni.* Joan aliyasoma. Timothy alingoja atukanwe, na angeshukuru.

Joan hakuuliza habari za shule.

"Viatu ni kweli, basi."

"Ni kweli."

"Na anamuuliza kama amekula."

"Ndiyo."

Povu lilikuwa linapasuka polepole ndani ya karai.

"Shangazi amekuwa akiniambia twende chumba cha maiti tukaangalie," Joan alisema. "Mimi nakataa. Namwambia watu wanarudi, angoje tu." Aliingiza mikono tena ndani ya maji. "Enda umwambie nimekubali. Twende kesho. Mimi nikimwambia, nitalia."

Shangazi alikuwa ndani, anafunga mizigo ya Bungoma. Timothy alisimama mlangoni, akasema alilotumwa kusema, wala hakuongeza neno.